Majani ya Koo

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile jicho lililopasuliwa linaona vizuri. Sisi hatujambo, mdogo wangu amepona kabisa na kelele zake zimerudi zote.

Bibi, umeshinda. Tangu mdogo wangu atapike nawe uhamie kwa shangazi, Baba amekuwa akisema majani unayotuchemshia koo likiuma ni sumu, na kwamba uzee umekuchanganyia mimea. Jumanne nilikata tawi kule kwenye mawe unakochuma wewe, nikalifunga katika gazeti, nikampelekea mtaalamu wa mimea wa chuo cha kilimo. Unanijua, hata kununua mkate naona haya. Nilisimama pale mlangoni mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimeajiriwa kuushikilia.

Mtaalamu alifikicha jani akanusa, akabiringisha shina vidoleni kama ufanyavyo wewe. Alisema shina la pembe nne pekee halitoshi, maana hata ule mmea wa kwenye uzio wetu niliomtajia unalo. Akanionyesha kwa lenzi ua lenye midomo miwili, kama mtu anayepiga miayo. Hii ni seji mwitu, alisema, na aliyekufundisha anaijua kazi yake: maji yake ni ya kusukutua koo na vidonda vya mdomoni, kisha unatema. Ule wa uzioni una vimiba shinani na vijiua vya rangi mbili tatu vilivyosongamana. Huo ndio unaotapisha. Aliandika yote kwa Kiingereza, akapiga muhuri. Nilimsomea Baba kwa Kiswahili, mara mbili, na sauti haikutetemeka.

Baba akauliza, sasa mtoto alitapishwa na nini?

Na mimi, Bibi. Siku ile uliponituma kwenye mawe, ukiwa umefungwa jicho, niliogopa mbwa wa pale, nikachuma uzioni. Vimiba nilivihisi. Nikajiambia shina ni la pembe nne, yatosha. Nikayakatakata na kuyachemsha mwenyewe, mdogo wangu akameza badala ya kutema, na ulipolaumiwa nikaufyata. Haya yote nimeyasema mezani, mbele ya kila mtu. Nisamehe.

Baba akasema nyama nilikula mimi, mifupa akarundikiwa mama yake. Amenikanya nisikuandikie kwamba Jumamosi anakuja mwenyewe kukuomba radhi na kukurudisha nyumbani. Kwa hiyo ukimwona, jifanye umeshangaa.

Msalimie shangazi na wote wa hapo.

Ni mimi mjukuu wako,
Kimya