Ndoo ya Kokoto Chafu

Jumapili, 14 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Goti linaendeleaje? Ulisema ngazi za kazini zinakutesa. Natumaini lifti imeshatengenezwa, maana kwa jinsi nikujuavyo, wahusika hawapumui. Mimi sijambo. Ninakula vizuri, na jana nilicheka peke yangu uani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama nimepata mgeni.

Aliyenichekesha ni Meneja, yule perege mkubwa ambaye kaka yako alimpa jina hilo kwa sababu ni wa kwanza kwenye chakula na kazi yake haijulikani. Niliinama kumpa chakula, miwani ikanitumbukia majini. Akaizunguka polepole mara tatu, kama anayekagua mali ya ofisi, kisha akaenda zake.

Uani kwetu kumependeza. Lile beseni la kuogea ambalo kaka yako alilitoa kwenye nyumba aliyokuwa anabadilisha mabomba bado ndilo bwawa letu. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye pipa lililopasuliwa kwa urefu na kujazwa kokoto, mchicha na nyanya zinakunywa, maji yanarudi chini yakiwa safi. Kila asubuhi nafuta kichujio cha pampu kwa ule mswaki wake wa zamani, naongeza maji yaliyopungua, nawapa samaki kile watakachomaliza haraka, basi. Sauti ya maji yakirudi ni ileile. Ndicho kitu pekee alichokiacha kikiwa kinafanya kazi, wifi, na tangu atutoke hofu yangu kubwa imekuwa kwamba kitanifia mikononi.

Na kilikaribia kufa. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba umeme ulikatika siku nzima, pampu ikasimama, na samaki saba kati ya kumi na wawili wakafa. Ukanijibu kwamba ulikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya umeme ya huko kwenu, ukamuuliza karani kama naye angependa kuzimiwa pumzi, mpaka mlinzi akakuletea kiti na maji ya kunywa. Nilicheka, halafu nikashindwa kumaliza chai.

Sasa kaa chini, wifi. Umeme haukukatika. Ni mimi.

Uliposema unakuja, kabla goti halijakuzuia, nilitaka ukute mahali pa kaka yako panang'aa. Nimekuwa dobi wa hoteli miaka kumi na tisa, sijui kupita kwenye kitu chenye utelezi nikakiacha. Nilizitoa kokoto zote, nikazisugua kwa sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia mashuka, nikazisuuza mara nne. Zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Kaka yako alikuwa ameniambia mara nyingi nisithubutu, kwamba ule uchafu ndio unaofanya kazi, kuna vijidudu humo vinavyogeuza kinyesi cha samaki kuwa mbolea. Lakini wifi, alisema hivyohivyo kuhusu soksi zake, nami sikuzisikiliza soksi.

Siku ya nne samaki walikuwa juu wakihema midomo wazi, mchicha umenyauka. Kile kikaratasi cha kupimia maji, ambacho kinatakiwa kubaki njano, kiligeuka kijani kibichi. Nililia kuliko siku ya mazishi, maana ile siku mlikuwepo wengi. Niliona nimemfua kaka yako mwenyewe, nikammwaga kwenye mfereji.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa hesabu wa nyumba ya kona. Nilimwendea kuomba ushauri tu, kwa kuwa naye anafuga. Akaniuliza kwa ukali, kama vile sijafanya kazi za nyumbani, nimeweka sabuni kiasi gani. Kisha akaniambia nipunguze chakula, nibadilishe maji kidogo kidogo kwa yale niliyoyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili ili dawa ya maji ya bomba, ile inayoua vijidudu, ipungue. Halafu akaingia uani kwake, akatoka na ndoo ya kokoto nyeusi, zenye utelezi, zinazonuka tope. Akasema si zake. Miaka miwili iliyopita, alipokuwa anaanza, kaka yako ndiye aliyempelekea ndoo hiyo kutoka kwenye pipa letu, ili vijidudu vyetu viwe mbegu kwake.

Niliibeba mwenyewe kifuani, gauni likaharibika. Sikulifua siku ile. Nilizimwaga kokoto zile katikati ya zile nyeupe, na baada ya wiki tano kikaratasi kikarudi njano. Meneja na wenzake wanne wamepona. Nyeupe nazo zimeanza kuwa nyeusi, na kila nikizigusa zinateleza zaidi.

Nisamehe kwa uongo, na unisaidie kumwomba radhi yule karani. Goti likipona, njoo. Utakuta pachafu.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Na siku ukisugua kitu mpaka kikang'aa, unikumbuke.

Ni mimi wifi yako,
Dobi