Mtihani wa Mjukuu Wangu

Mwenzangu, umewahi kufeli mtihani usiokuwa wako? Mimi nimefeli sasa hivi, na miwani nimevaa!

Si nimemleta mjukuu wangu apimwe uwezo wa akili, ili waamue kama ataingia darasa la kawaida? Unaijua ile hali yake ya vinasaba, hata madaktari huulizana.

Dada mpimaji kampa vipande vya mbao vya rangi, avipange vifanane na picha. Mtoto katulia, anavitazama. Mimi roho juu, nikanyoosha mkono nikamwekea kimoja. Tena nilikiweka kichwa chini miguu juu!

"Bibi, leo sikupimi wewe," dada akasema.

Sikupimi wewe! Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaukalia mkono wangu. Dada akamuuliza mtoto, "Saa ina kazi gani?"

Mdomo huu, mwenzangu! "Kuonyesha wakati," nikajibu mimi, kwa sauti ya mwanafunzi wa dawati la mbele.

Miaka kumi na miwili namjibia hivyo, nikidhani namsaidia.

Mtoto akaweka kipande mezani, akanishika mkono.

"Bibi, jibu ninalo. Linachelewa tu kutoka. Nenda kanisubiri nje."