Kwa Mama Bilha Nduta, Aliyemfuata Paka hadi Chwele

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Mei ulipotuaga hapa Kitale. Tulilia sana. Siku hizi tukikutaja, tunaanza na kicheko.

Tunakumbuka stoo yako ya mahindi, leso kiunoni, na punje uliyoitafuna kwanza kabla ya kununua gunia, ujue kama mahindi yamekauka. Mkulima aliyenyeshewa njiani hakuondoka kwako bila chai. Ulikuwa mwema. Ulikuwa mgumu pia, na wewe mwenyewe ulijisifia hilo.

Paka uliletewa kwa sababu ya panya. Jirani yako Jaswinder, mwenye duka la vitambaa, alikupa mmoja aliyezaliwa kwake, wa uzao ambao ndugu yake aliutoa Uingereza. Alikueleza kuwa ukoo wao ni wa tangu zamani, na kwamba mababu zao walilinda maghala ya nafaka, hata wakapanda meli pamoja na mabaharia. Ulimkagua kwa mshangao: manyoya mafupi yaliyoshikana kama zulia, kijivu cha wingu la mvua, mashavu ya duara, macho ya rangi ya shaba. Hakulialia. Kubebwa hakutaka, ila ulipoketi naye aliketi, hatua moja kando yako. Ulimwita Karani, kwa jinsi alivyoshinda juu ya magunia akimtazama kila aingiaye.

Wakati huo ulikuwa hujasema na mwanao Gathii kwa miaka saba. Alimwoa Rosaline, muuza vitunguu kutoka Bumula, bila kukushauri, nawe ukaapa kutokanyaga kwao. Kim, kitindamimba wako, alimtumia kaka yake picha zako kwa siri, na katika nyingi Karani alikuwemo.

Kisha Karani akalala ndani ya pikapu iliyopakia mahindi, ikaondoka naye. Ulimtafuta siku tatu, ukiuliza duka kwa duka, chakula kikikushinda.

Pikapu ilimshusha soko la Chwele, lenye paka wengi, lakini wa namna ile watu hawakuwahi kumwona. Watu walimzunguka, wengine wakidai ni mtoto wa chui. Rosaline, aliyeuza vitunguu hapo na kuishi karibu na Gathii wake, alimhurumia, akamvutia nyumbani kwa dagaa wa omena. Gathii alipoingia alimtambua papo hapo kutokana na picha za Kim. Akasema wamwite Kim aje amchukue. Rosaline ndiye aliyekataa. Alitwaa simu akakupigia.

"Mama, paka yako iko kwangu hapa Chwele," alisema. "Mimi ni Rosaline, bibi ya Gathii. Amekula vizuri. Lakini hataki kushikwa na mtu, si ukuje umchukue mwenyewe."

Uliuliza tu nyumba iko upande gani wa soko.

Kesho yake ulifika na kikapu, ukasimama mlangoni. Ulikataa kiti, ukisema huna muda. Rosaline alikuwa akiteleka chai. Akaita kuelekea nyuma ya nyumba, "Nduta, kuja!"

Ukaitika. Na mtoto wa miaka mitano akaitika pia, akaja mbio, akasimama mbele yako.

Hakuna aliyekuwa amekwambia kuwa una mjukuu mwenye jina lako. Gathii alieleza kwamba msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake, na ugomvi haukuwa sababu ya kumnyima mtoto jina lake. Ulipiga magoti pale sakafuni ukamshika mashavu, machozi yakikutoka. Ukamgeukia Rosaline.

"Nipatie hiyo chai," ulisema. "Nimekuwa mjinga miaka mingi."

Ulikaa siku tisa. Ulimfundisha Rosaline kupika mukimo, viazi na mahindi vya kupondwa, naye akakuonyesha kuchagua vitunguu visivyooza. Ulirudi Kitale na Karani ndani ya kikapu, na mjukuu amekushika mkono, maana shule zilikuwa zimefungwa. Miaka minne iliyofuata nyumba zetu mbili hazikupumzika kwa wageni.

Na ulipougua, watu wengi walijitolea kukuuguza. Ukamtaka Rosaline. Yeye ndiye aliyekuogesha na kukuchana nywele, na kila aliyeingia chumbani ulimwambia, "Mmeonana na binti yangu?"

Unakumbukwa na wanao Gathii na Kim, binti yako Rosaline, mjukuu wako Nduta, rafiki yako Jaswinder, na majirani wote wa Kitale na Chwele. Mioyoni mwetu, Mama, hutoki kamwe.