Safari Hii Anaumwa Kweli

Mhunze, Kishapu
Jumanne asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Masalu,

Mwangaluka. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa, marahaba, maana ukianza kusoma hutakuwa na nafasi ya heshima. Naamini barua hii inakukuta salama huko Bugarama, wewe na wachimbaji wenzako wa duarani, na kwamba mwenzenu Fredy ameacha kuishika simu yako kama karani wa mahakama. Sisi huku tu hai. Rudia kulisoma neno hilo: tu hai sote, na Mama yumo. Sikuandika wazima, kwa sababu yeye si mzima. Nimeandika hai, na hiyo ndiyo habari ninayotaka uiamini.

Utajiuliza nani anaandika barua siku hizi. Hata mimi imebidi nichane karatasi kwenye daftari la binti yangu Vaileth, naye amenuna. Lakini simu yetu imeharibika, Masalu. Chaji ipo, na mtandao upo ukisimama karibu na zizi. Kilichoharibika ni maneno tunayoyapitisha humo.

Hebu fikiria tunavyopiga simu sisi. Mama miaka yote hii haamini kwamba mtu wa Bugarama anasikia bila kupigiwa kelele, ndiyo maana majirani wanajua mambo yako yote kwa kusikiliza upande mmoja. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anavua kofia Paroko akipiga. Wewe ukibipu jioni, tulijua umetoka chini salama, tukaendelea kula. Simu ikiita alfajiri, kila mtu alijifanya yuko mbali nayo. Na msiba hatuutaji kabisa. Tunasema fulani anaumwa kidogo, njoo. Anaumwa kidogo maana yake panga nguo. Anaumwa sana maana yake tafuta sanda. Hakuna aliyetufundisha, na sijamwona aliyekosea kuelewa. Tatizo, mdogo wangu, ni kwamba mgonjwa halisi hatukumbakizia neno.

Jana nilikupigia nikakwambia Mama anaumwa sana. Ukauliza tangu lini, kwa sauti ile ya mtu ambaye ameshakaa chini. Nikakueleza kwamba kifua kimembana, daktari anasema moyo umechoka, lakini yuko hai na anakutaka. Ukanijibu pole dada, jikaze. Nikaapa kwa Bikira Maria. Ukasema najua dada, usijitese, mimi ni mtu mzima. Nikataka kumpa simu aongee mwenyewe, lakini sauti yake imekuwa ndogo, haivuki mlango, yeye aliyekuwa akiita ng'ombe wa kwetu wakageuka na wa jirani. Nilipopiga tena akapokea Fredy. Akanieleza kwamba umelala, vijana wamekuzunguka, mchango unaendelea vizuri na gari, Noah, limepatikana la Alhamisi. Halafu, kwa adabu kabisa, akaniuliza Mama ana urefu gani.

Nilikata simu nikakaa pale pale zizini.

Sasa inabidi nikuambie la Baba. Tulikubaliana huku nyumbani usiambiwe, na nilikusudia kuzikwa nalo. Mwaka juzi Baba mdogo Maganga alipokupigia akasema Baba anaumwa, njoo, basi Baba alikuwa anaumwa. Hivyo tu. Alikuwa kitandani, anakunywa uji kidogo kidogo, anauliza gari la Kahama hufika saa ngapi. Kila injini ikipita barabarani alinituma nikatazame. Mimi nikitoka, nikirudi, namwambia bado. Wakati huo wewe ulikuwa Kahama unachagua jeneza. Sikulaumu. Ulisikia kile tulichokuzoesha kusikia. Alifariki alfajiri ya siku ile ile uliyofika mchana. Pale kaburini uliniuliza amefariki lini, nikasema alfajiri. Hukuuliza alfajiri ya siku gani, ulidhani tulimhifadhi hospitali tukikungoja. Noah ikawa imeegeshwa uani, jeneza juu yake, na lilimtosha barabara. Wazee wakakusifu sana, wakasema kijana huyu amekuja amejiandaa. Nilikutazama unavyosifiwa, macho mekundu, nikashindwa kukunyang'anya hata hicho.

Nisamehe kwa kukupa jiwe hili ukiwa mbali. Ningekuwa na njia nyingine ya kukufanya uamini, ningeitumia.

Nilimwambia Mama kwamba wewe huko unachangisha. Alicheka mpaka akakohoa, nikajuta. Kisha akanivuta karibu, akasema nikuandikie hivi: ng'wana wane, mwanangu, marehemu hana hamu ya mahindi, na mimi nina hamu ya yale mahindi ya kuchoma ya Tinde. Uyashike mkononi yasipoe. Na kama ni lazima uje na sanduku, utalala humo wewe. Hayo ni maneno yake ya leo, jua likiwa linachomoza, na mate yake yamenirukia sikioni.

Barua hii anakuletea Kalisti, dereva wa gari la Bugarama. Anageuza kesho asubuhi na amekuwekea kiti nyuma yake. Waachie wenzako hiyo michango wairudishane. Njoo mikono mitupu, isipokuwa hayo mahindi.

Vaileth anakusalimu, hata na kununa kwake. Baba mdogo Maganga anakusalimu pia. Tangu jana hagusi simu ya mtu. Nisalimie wote wa duarani, na Fredy mshukuru kwa wema wake, kisha mwambie Mama ana urefu wa mtu aliyekaa kitandani akitazama mlango.

Nafunga hapa kwa sababu Kalisti anapiga honi, na Mama ameisikia. Ameniuliza gari la Kahama hufika saa ngapi. Nimemwambia kesho.

Ni mimi dada yako,
Asteria Bujiku