Mngurumo wa Kadi Mbili

Kitale, 8 Machi 2009

Kaka yangu Salman,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, ni goti tu linanisumbua nikirukuu, lakini Mungu ni mwema. Wewe na wifi Sharifo mko aje? Kifua chake kimetulia? Huku mvua bado hatujaiona, watu wa kule Kwanza wamelima wanangoja tu.

Nakuandikia kwa sababu simu siwezi. Ukuta wa chumba cha mbele ni mwembamba, na ninayemsema yuko upande wa pili. Ni huyu mpangaji uliyeniletea, Wabwile wa Kibabii. Uliniambia ni kijana wa kompyuta, atachezesha watu gemu. Sawa. Kompyuta nimeziona kwa ofisi, zimekaa kimya kama kuku anayeatamia. Ya huyu inanguruma kama posho mill ikisaga mahindi. Inaanza polepole, halafu inapanda, inapanda, hata adhana ya adhuhuri siisikii vizuri. Na chini ya mlango unatoka upepo wa moto. Moto, Salman! Nilisimama pale leso yangu ikapepea.

Nikamuuliza, "Wabwile, humo ndani unapika nini?" Akacheka. "Ni feni tu, mathe. Hii mashine iko na kadi mbili za picha, zinachemka." Mbili za nini? Mimi nina macho mawili na naona picha moja. Akacheka tena, akafunga mlango. Mtu asiye na la kuficha atajifungia na joto kama hilo?

Jirani yangu Jerono anasema anapika pombe, chang'aa. Lakini pua yangu haijasikia chang'aa, kwa hivyo nashuku kitu kibaya zaidi. Kitu kinachonguruma na hakina roho... wewe ni mtu wa msikitini, unanielewa. Mwisho wa mwezi nataka atoke.

Dada yako,
Leila

*

Bungoma, 14 Machi 2009

Dada yangu Leila,

Waalaykum salaam. Barua Chesang amenipa mkononi, mwambie ahsante akirudi na lori lake la mahindi. Wifi yako hakohoi tena, anakusalimu, anasema goti ulisugue na mafuta ya simsim.

Sasa nisikilize. Usinivunjie uso. Mama yake Wabwile, Nelima, tumeuza nguo pamoja sokoni miaka mingi, yeye wa kanisa, mimi wa msikiti, na hatujawahi kutiliana shaka. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili kijana apate mashine hiyo. Mimi ndiye niliyemwambia mbele ya watu, nyumba ya dada yangu ni salama, mwache aende. Ukimtoa, ni neno langu unalitoa nje.

Mzoee kwanza. Ingia siku moja umsalimie. Hiyo mashine itunze kama kitu cha nyumbani kwako, utaona hofu itaisha.

Kaka yako,
Salman

*

Kitale, 29 Machi 2009

Kaka Salman,

Assalaam alaykum. Goti ni afadhali, simsim imesaidia. Moyo ndio sijui niupake nini.

Nilikusikia. Juzi Wabwile alitoka kutafuta chakula, akaiacha mashine inanguruma peke yake. Nikafungua na ufunguo wangu. Salman, iko uchi! Vumbi la Kitale lote hili, na mwenyewe hajaitafutia hata kitambaa. Wewe unaijua nyumba yangu. Tivii imefunikwa, redio imefunikwa, hata jagi la maji lina kofia yake. Basi nilikuwa nimeifumia kitambaa cheupe, kizuri, nikakishonea bitana ya satini ili vumbi lisipite. Nikaifunika kutoka kichwani mpaka miguuni. Ikawa kama bibi harusi.

Halafu, sikufichi, nikachoma udi kidogo. Nikasoma Ayatul Kursi, nikapuliza. Kwa sababu huwezi kujua.

Ikapiga ukelele! Ikapanda kuliko siku zote, ikapanda, nikazidi kusoma. Mara, kimya. Nikasema alhamdulillah, kimetoka.

Wabwile akarudi. Akasimama mlangoni, akanusa. Harufu ilikuwa ya udi na ya kitu kama plastiki iliyoungua. "Mama, umefanyia nini mashine yangu?" Nikamwambia sijafanya kitu, nimeifunika tu. Akakitoa kitambaa na kijiti, Salman, na kijiti! Kama mtu anayetoa nyoka. Akakitupa uani. "Mimi nilionywa juu ya watu wa majini," akasema. Mimi! Mimi ndio wa majini!

Akabeba mashine yake jioni ile ile, akarudi kwao. Sasa niambie, mwenye kujificha ni nani?

Dada yako,
Leila

*

Bungoma, 6 Aprili 2009

Dada yangu,

Salaam zako nimepokea. Sisi tuko wazima wa mwili.

Nelima alikuja kwangu. Hakukaa. Chai ya Sharifo alikataa, na huyo ni mtu aliyekuwa akijimiminia mwenyewe. Akasema, "Salman, dada yako amevika kazi ya mtoto wangu sanda." Anaamini uliweka kitu ndani ya ile bitana. Na nisikudanganye, Leila, nilipokumbuka udi na kupuliza, mimi mwenyewe nilijiuliza.

Nikaenda na Wabwile kwa fundi wa kompyuta hapa mjini. Akaifungua mbele yetu. Kweli kuna kadi mbili, zimebanana kama watu wawili kwenye kitanda cha mmoja, na ya juu inavuta hewa moto ya mwenzake. Feni ndizo zinatoa lile joto, linapitia matundu ya juu. Zikishindwa, zinakimbia zaidi, ndiyo kelele uliyosikia. Ulipoifunika na satini, ilikuwa inatafuta hewa. Kadi ya juu imeungua. Ya pili ni nzima, kijana anaweza kuanza nayo tena.

Nami nilikuambia uitunze kama ya nyumbani. Hilo ni langu.

Nilimweleza Nelima. Akasema, "Huyo fundi si ni rafiki yako?" Anataka kusikia kwako mwenyewe.

Kaka yako,
Salman

*

Bungoma, 26 Aprili 2009

Leila,

U hali gani? Chesang anasema barua alikupa mkononi. Nelima amehamisha meza yake upande wa pili wa soko. Nijibu, hata mstari mmoja.

Kaka yako

*

Kitale, 4 Mei 2009

Kaka yangu Salman,

Assalaam alaykum. Ni mzima, na mvua imefika.

Nilikukasirikia. Nilisema, kaka yangu amenishuku mimi. Kwa hivyo nikanyamaza, nikangoja wewe uombe msamaha.

Ijumaa Jerono akaja, akafunga mlango nyuma yake. "Jirani, si ati yule kijana ulimtoa na dua? Basi nisomee na mimi. Kuna mwanamke anamzungukia mzee wangu." Alikuwa amekuja na shati la mumewe ndani ya mfuko. Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamwambia, "Jerono, mimi nilifunika kompyuta ikakosa hewa, basi." Akanikonyeza. "Najua, mama. Huwezi kusema." Akaliacha shati kwa kiti akaenda.

Nilikaa na lile shati mpaka maghrib, nikaona kumbe neno langu tupu halitoshi tena.

Jumamosi nakuja. Tutaenda Kibabii pamoja. Kitambaa nimekifua, nakuja nacho, na mbele ya Nelima nitaitatua bitana na kufumua uzi wote, aone mwenyewe ndani hakuna kitu. Nikimaliza atasema analotaka, sitambishia.

Lakini kuna jambo ulifanye kabla sijafika. Leo nimeita fundi wa mawe avunje ukuta wa chumba cha mbele, upande wa uani kwangu, ili Wabwile akikubali kurudi joto lipate pa kutokea. Kelele nazo zije huku, nitasali na sauti kubwa. Fundi ameshika nyundo ananiuliza tundu liwe kubwa kiasi gani, na mimi sijui. Tafadhali mwulize Wabwile, kama bado anaongea na sisi, kisha nipigie simu, sasa ukutani hakuna wa kusikia. Fundi anangoja.

Dada yako,
Leila