Nilimwitikia Baba Mkwe "Ndivyo", na Sivyo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujanisaidia nakiri kwamba kosa ni langu, maana mimi si mwanamke mwenye shida, nimeolewa Kiembe Samaki mwaka wa pili huu, mume wangu Miraji hanisimangi, mama mkwe wangu Bi Mwatum ananipenda hata majirani wanasema kanizaa yeye, na aliyenifanya nishike kalamu ni baba mkwe, Mzee Mkadam, kwa kuwa nampenda na nnamdanganya. Majina yetu nshayabadilisha.

Mzee alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, miaka ishirini na saba akisimama mlangoni kwa bwana mkubwa wa Kizungu, na Kiingereza chake chote alikiokota hapo hapo mlangoni akakitia kwenye daftari, maneno mawili mawili yenye kushabihiana, na kila mawili akaandika tofauti yake, na sasa kwa kuwa amestaafu kila baada ya sala ya laasiri huketi barazani kumfundisha Miraji, ambaye amechoka kuuza misumari katika duka la watu Darajani na ameomba kazi ya kupokea mizigo kiwanja cha ndege, na Jumatatu ya tatu kuanzia leo ataitwa kuhojiwa na Mzungu, kwa Kiingereza.

Mimi nimesoma skuli ya wasichana mpaka darasa la nane, na nikiwa nyuma ya pazia natia kahawa humsikia Mzee akieleza kwamba "house" ni nyumba, tunazo sote, lakini "home" ni kwao Ulaya, kwa sababu bwana mkubwa kila akipata likizo husema anakwenda "home", na miaka yote ile hakusikia mtu akilitumia neno hilo kwa nyumba ya Unguja, tena "see" ni kuona kwa mkubwa, maana bwana mkubwa akielezwa jambo husema "I see", na "look" ni kuona kwa mdogo, ndiyo maana tarishi huambiwa "look here". Mshauri, nami hujiziba mdomo kwa ncha ya kanga nisisikike.

Ningecheka tu yakaisha, lakini Mzee akimaliza huniita, "Mashavu," nami huitika, "Naam, baba," naye huuliza, "Wewe uliyesoma, ndivyo au sivyo?" na mimi mkaza mwana wake, ambaye hata kula mbele yake sijapata kula, nitasemaje sivyo na mume wangu yupo na majirani wawili wapo wanasikiliza, basi husema, "Ndivyo, baba," na yeye hufurahi akachukua kalamu na kando ya neno akaandika: Mashavu kathibitisha.

Juzi Miraji alijipima chumbani mbele yangu, akasema akiulizwa "home" yake ni wapi atajibu kwamba yeye hana, hajajaaliwa kufika, na alijibu kwa raha kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura yake barabara, nami nikageuza uso. Nikisema kweli namvunjia Mzee heshima yake uzeeni, nikinyamaza mume wangu atachekwa na kurudi kwenye misumari. Ichapishe tu usiogope, Mzee husoma gazeti la Kiingereza, hili lenu husema ni la kufungia bizari.

Mimi msema ndivyo,
Kiembe Samaki

JIBU

Bi Mashavu, salamu za bizari zimefika.

Barua yako imenichekesha, kisha nikaacha kucheka, na sababu nitakwambia mwisho. Kwanza nikugombeze. Adabu uliyolelewa nayo ni njema, lakini hakuna mama aliyemfundisha bintiye kwamba adabu ni kushuhudia uwongo. Kunyamaza ungeweza. Kusema "Baba, mimi nnatia kahawa" ungeweza, na watu wangecheka yakapita. Wewe umesema ndivyo, tena si mara moja, na mzee wa watu kakuandika.

Na Miraji ni mumeo, si mkweo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeufunua gazetini kabla ya chumbani kwako. Umemsikia mtu unayelala naye mto mmoja akisema kwao hana, ukageuza uso. Leo akirudi Darajani, hata kofia hajavua, mwambie yote. Kisha mfundishe mwenyewe kila siku mpaka hiyo Jumatatu, mlango umefungwa. Siku zilizobaki zinatosha, na mwalimu anaye ndani bila ya ada.

Mzee usimsahihishe barazani, hilo nakukataza. Nenda jikoni kwa Bi Mwatum, yeye kamjua mumewe kabla yako, umwombe akutafutie wakati majirani wakishaondoka. Ukiingia kwa Mzee toa shikamoo yako, na akishaitika marahaba usianze na Kiingereza. Anza na kosa lako. Sema, "Baba, nilikwambia ndivyo na moyoni nilijua sivyo, nilikuonea haya, niwie radhi." Mtu anayeombwa radhi hana nafasi ya kutahayari, kwani tahayari yote umeibeba wewe. Hayo ya maneno yatafuata, na atauliza mwenyewe, maana mtu aliyejaza daftari kwa kusikiliza mlangoni anapenda kujua kuliko wewe na mimi.

Sasa nikwambie kwa nini niliacha kucheka. Mzee Mkadam hakusikia vibaya. Kaandika sawasawa alivyosikia: pale ofisini mwenye kuona alikuwa mkubwa, na yeye kazi yake kuambiwa atazame. Daftari hilo lisitupwe, likae na wajukuu walisome.

Na miaka ishirini na saba, kila jioni, alitoka ofisini akarudi Kiembe Samaki, kwa mkewe, kwa mwanawe, kwenye baraza yake mwenyewe, na katika Waingereza wote wale hapana hata mmoja aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo "home". Mwambie wewe. Mpe kalamu, neno hilo aliandike upya kwa mkono wake. Na akikuuliza ndivyo au sivyo, safari hii ondoa kanga mdomoni, useme "Ndivyo, baba," hata majirani wasikie.