Shati la Mshono Mlegevu

Nyumba ya cherehani,
Nyuma ya soko la nafaka.
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa binti yangu, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujafungua kifurushi. Hujambo, mama? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Unakula, au asubuhi unameza chai tu ukakimbilia kazini kama ulivyokuwa ukikimbilia shule? Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Mgongo wa baba yako umetulia kidogo. Mimi macho ndiyo hayo, sindano natungiwa uzi na shangazi yako, na kila akitunga ananisimanga.

Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nasahau yote, naishia kukuuliza umekula nini. Kwa hiyo naandika. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka kama kuku kwenye ngazi. Soma polepole.

Ile picha uliyotuma, umesimama kando ya trekta, imezunguka mtaa mzima. Baba yako ameionyesha mpaka kwa muuza mkaa. Anawaambia, "Huyu ni binti yangu, anaendesha chuma kikubwa kuliko nyumba hii." Mimi pia nilifurahi, usije ukadhani sikufurahi. Ila nilipoitazama vizuri nikaona huko nyuma ya trekta kile chuma kinachozunguka, mnachokiita shafti, kinachopeleka nguvu kwenye mashine ya kukatia majani. Hakina kifuniko. Na wewe umesimama karibu nacho, umevaa lile shati la buluu nililokushonea, umeliachia nje, na mtandio umeufunga kiunoni, ncha zinaning'inia.

Tangu hapo naichukua picha hiyo kila usiku, nazitazama hizo ncha.

Unamkumbuka Kijiti, yule dereva wa trekta jirani yetu, mwembamba? Juzi juzi shafti ilimkamata. Alishuka kuondoa majani yaliyojisokota, injini akaiacha inanguruma, maana aliona ni kazi ya kufumba na kufumbua. Pindo la shati likagusa tu. Anasema hakuona kitu, alisikia anavutwa kama mtoto anayevutwa na mama yake sokoni. Kilichomwokoa ni ufukara wake. Shati lilikuwa kuukuu, limeliwa na jasho, likapasuka lote likaenda na chuma. Yeye akabaki na kola shingoni na kipande cha mkono mmoja. Bega liliteguka, mbavu zimechubuka, lakini yu hai.

Watu walicheka, si unawajua watu. Shangazi yako alimwambia, "Kijiti, siku nyingine ukitaka kuvuliwa shati mwite mkeo." Mwenyewe alicheka huku ameshika mbavu. Halafu akaja kwangu na kitambaa kipya.

"Mama fundi, nishonee shati la kazi. Likaze kama unavyokaza siku zote. Hili lisipasuke."

Niliweka mkasi chini, mwanangu. Nilimwambia, "Lisipasuke ndiyo uzikwe nalo?" Akajishika lile bega. Hata shangazi yako alimvutia kiti, nawe unajua hilo ni jambo la ajabu.

Mimi nilikuwa nimekumbuka shati lako. Siku ulipopata kazi nilikaa nikapitisha cherehani mara tatu kila mshono, kwa uzi wa mahema aliouleta baba yako. Nilikuambia shati hili utawaachia wajukuu. Halichaniki lile, mama. Naujua mkono wangu. Likikamatwa, litakwenda na wewe.

Nakuomba ulivue. Livae ukienda kutembea, livae ukipika, lakini karibu na trekta lisionekane. Na mtandio pia. Nywele zisuke zilale kichwani.

Kwenye kifurushi kuna mashati mawili. Yanabana mwilini, hayana kamba wala kitu cha kuning'inia. Mishono ya ubavuni na mabegani nimeipiga bandi tu, kama tunavyoshikiza nguo kabla ya kuishona, uzi mmoja, mwembamba. Moja nililijaribu, nikalivuta kidogo, likaachia, ikabidi nianze upya. Shangazi yako alipoliona akasema, "Leo wifi umezeeka, hata mwanafunzi angeona haya." Mwache aseme. Tafadhali usimpe fundi wa huko alikaze.

Kijiti naye nimemshonea hivyo hivyo. Kwanza alikataa, ati litamwachia njiani watu wamcheke. Nikamwambia heri uchekwe uchi kuliko usifiwe ndani ya sanda. Amelivaa.

Mengine ya hapa ni madogo. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa, kwa hiyo kitambaa cha njano hakishoneki mpaka watoto wafumbue macho.

Lakini shati si dawa, usilitegemee. Kijiti aliponea chupuchupu, na wengine hawaponi. Ulisema msimamizi wenu, huyo mnayemwita Chapchap, hapendi mtu azime injini kila anaposhuka, eti mnapoteza muda. Mimi shule niliiacha njiani, trekta siijui. Ila hii cherehani yangu, pamoja na udogo wake wote, imeshanitoboa kidole, na tangu hapo sipeleki mkono kwenye sindano mpaka mguu umetoka kwenye kanyagio. Ulikuwa ukiniona, umekaa chini ya meza unaokota vifungo. Fanya hivyo hivyo. Zima, chomoa ufunguo utie mfukoni, ngoja kile chuma kisimame kabisa, ndipo ukisogelee. Akikukaripia, mwambie mama yangu ni mwoga. Nitupie mimi lawama, nimezoea.

Na kifuniko lazima ukidai. Omba kwa heshima, kisha omba tena. Wasipokiweka, hiyo mashine ya majani usiiwashe. Wakikufukuza, hapa cherehani ya pili bado ipo.

Shangazi yako ameniuliza mbona sikwambii uache kazi moja kwa moja. Nimefikiri sana. Kwenye ile picha umecheka mpaka jino la pembeni limeonekana, na hapa kwenye meza ya kushonea sijawahi kukuona ukicheka hivyo. Ndiyo maana sisemi rudi. Nasema zima.

Baba yako anakusalimu, na bibi yako anakusalimu, anauliza kama trekta ina kiti cha mgeni. Mjibu kwamba haina, na wewe usimpakie mtu. Shangazi anakusalimu, Kijiti pia, kwa mkono mmoja maana mwingine bado umefungwa.

Mungu akufunike pale ambapo kifuniko hakipo.

Mashati yakifika, vaa moja unitumie picha nyingine. Simama palepale pa zamani, trekta ikiwa imezimwa, na ufunguo uuinue mkononi niuone.

Ni mimi mama yako, nikupendaye na kukuhofia.